Neno la Mwalimu Rotich

Benchi letu la Kanduyi lina miguu mitatu na tofali moja, na anayekaa upande wa tofali hatakiwi kucheka sana. Agneta, mama yake Nasike, huuza kahawa ya tangawizi hapo kuanzia alfajiri, na sisi huimaliza kwa kelele. Mimi ni fundi wa viatu, wananiita Soli. Mzee Mukhisa tunamwita Diwani kwa sababu aligombea kiti hicho mara tatu na kushindwa mara tatu. Tonny ni Wakili, kwa kuwa aliwahi kulinda lango la mahakama. Jumatano hiyo Wangila, kijana wetu wa bodaboda, alikuja asubuhi na uso wa mtu aliyefiwa. Jumamosi iliyotangulia tulikuwa tumemsindikiza, wanaume saba, hadi Kitale kwa kina Linah Chelagat kumposea. Sasa anko wake Linah, Mwalimu Rotich, mstaafu anayependa Kizungu, alikuwa amemtumia ujumbe.

Diwani — Soma tena, pole pole.

Wangila — "Salamu. Kuhusu ziara yenu ya Jumamosi, sisi kama familia tulikuwa flabbergasted. Unijulishe leo kabla ya saa sita kama mtarudi Jumamosi hii." Basi. Ameachia hapo.

Diwani — Hilo neno ni kubwa.

Wakili — Ni kubwa lakini ni la kawaida. Kule kortini tulikuwa tunalisikia kila siku.

Mimi — Maana yake?

Wakili — Si nimekwambia ni la kawaida?

Wangila — Wazee, msinicheze. Linah amesema hawezi kuniambia kitu mpaka nimjibu anko wake. Nataka kujua tu, nimekubaliwa ama nimekataliwa?

Diwani — Kaa chini nikueleze. Nikiwa kamati ya shule, hedmasta alitoboa ukuta wa stoo ya mahindi ati apate dilisha ya ofisi. Mkubwa wa elimu akaja, akaangalia hiyo tundu, akasema neno hilo hilo. Wiki iliyofuata hedmasta hakuwa. Hiyo ni kufukuzwa kwa heshima, bana.

Agneta — Uongo! Mhubiri mgeni alisema hivyo pale uwanjani, mikono juu, machozi yanatoka, na watu wakapiga vigelegele. Hiyo ni furaha ya kuzidi.

Wakili — Mama Nasike, mhubiri akilia, nani anajua analilia nini? Sikiliza kitu ya kortini. Jamaa aliiba baiskeli ya askari, akaipanda hiyo hiyo akaja nayo kusikiza kesi yake. Hakimu akavua miwani, akasema hilo neno, halafu akampa miezi sita. Neno kwanza, miezi baadaye. Kwa hivyo hiyo ni notisi. Ukiandikiwa, ujue faili imefunguliwa.

Wangila — Faili ya nini sasa?

Wakili — Ya kuharibia watu Jumamosi. Jitayarishe na ng'ombe ya faini.

Diwani — Hata si kesi! Nimekumbuka. Ni mwili. Hiyo kitu inashika walimu wakishastaafu, inapanda hapa kwa kifua, inashuka kwa magoti.

Agneta — Sasa familia yote imeshikwa? Siku moja?

Diwani — Si ameandika "sisi kama familia"? Wangila, usipeleke ng'ombe. Peleka daktali.

Wakili — Na wa mifugo pia. Hatujui mbuzi wao wako aje.

Tulicheka mpaka benchi likayumba. Wangila hakucheka. Aliangalia saa, ilikuwa saa tano na nusu. Nilimhurumia. Kijana huyu alimpenda Linah siku ile alipombeba kwa pikipiki mvua ikanyesha, akavua koti lake akampa, akaugua homa wiki nzima huku akitabasamu. Na sisi tulikuwa tunamfanyia mchezo.

Agneta akafuta mikono kwa leso, akatoa simu yake mfukoni, akabofya bofya.

Agneta — Hii hapa. Kushangaa. Kushangaa sana, mpaka mtu anakosa la kusema.

Wakili — Ndiyo nilikuwa nasema.

Wangila — Kushangaa kuzuri ama kubaya?

Agneta — Inategemea. Inasema unaweza kushangaa hivyo ukipewa zawadi, na unaweza kushangaa hivyo ukiibiwa.

Hapo tukawa tumerudi tulikoanzia. Kwenye mwisho wa benchi alikuwa ameketi Kipkorir, dereva wa lori la mahindi kutoka Kitale, akingoja gurudumu lake lizibwe ng'ambo ya barabara. Alikuwa amekunywa kahawa yake kimya muda wote huo.

Kipkorir — Samahani, wazee. Kwani mliwafanyia nini hao watu?

Diwani akaangalia ndani ya kikombe chake. Wakili akainama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa ndala.

Agneta — Si mliniambia mlikula mkashiba?

Ikabidi niseme, maana hakuna mwingine angesema. Ndiyo, tulikula. Walituchinjia mbuzi, wakatupa ugali na maziwa ya kibuyu mpaka tukalegeza mikanda. Lakini kuku hakuja. Kwetu mkwe hajakaribishwa mpaka amwone kuku mezani, na mkubwa wa msafara apewe imondo, ile firigisi. Diwani ndiye aliyekuwa mkubwa wa msafara, na njiani alikuwa ametuonya kwamba atakayeinuka kabla ya kuku ametuaibisha sote.

Basi tukakaa. Saa tisa Mwalimu Rotich akaomba sala ya kufunga. Tukasema amina, tukakaa. Saa kumi na moja akaomba nyingine, ndefu, akataja Kiminini na kila kituo cha njiani ili tufike kwetu salama. Tukasema amina, tukakaa. Kuku mmoja akapita mlangoni, wanaume saba tukageuza shingo kumwangalia, naye akaenda zake. Tuliinuka tu tulipoona watoto wanatandikiwa magodoro pale pale miguuni petu. Nilipokuwa nikisimulia nilisikia masikio yangu yakiwaka moto kwa aibu.

Kipkorir alicheka mpaka kahawa ikamtokea puani.

Kipkorir — Wazee! Kwetu kuku tunachinjia mtu akipita tu. Mkwe ni mbuzi! Hao watu waliwapa heshima yote, halafu nyinyi mkakaa mkiwatazama!

Diwani — Na imondo?

Kipkorir — Imondo ni nani?

Wangila alikuwa tayari amesimama, anaandika kwa vidole gumba viwili.

Diwani — Ngoja kijana! Hiyo jibu lazima ipitie kamati.

Wakili — Na uweke Kizungu kidogo. Asituone washamba.

Wangila — Kamati ndiyo ilinikalisha huko mpaka magodoro yakaletwa. Nimeshatuma.

Wakili — Umesema nini?

Wangila — "Mwalimu, tusamehe. Tulikuwa tunangoja kuku. Nampenda Linah. Tutarudi Jumamosi."

Wakili akashika kichwa. Diwani akasema kwamba katika maisha yake yote ya siasa hajawahi kuona mtu akijiharibia kwa maneno machache hivyo. Agneta akatikisa birika, likatoa sauti ya mashapo matupu. Tukakaa bila kahawa, macho yote kwenye simu ya Wangila. Hata Kipkorir, ambaye gurudumu lake lilikuwa limeshafungwa, hakuondoka.

Simu ikalia ilipobaki dakika tano ifike saa sita. Wangila alisoma peke yake, akaketi ghafla upande wa tofali, sote tukashika benchi. Akanipa mimi simu nisome kwa sauti.

"Karibuni sana Jumamosi. Kuku atakuwepo. Mkishamla, tafadhali mwende nyumbani."

Agneta alipiga kigelegele ambacho walikisikia hadi ng'ambo kwa fundi wa magurudumu. Wangila alicheka, mara ya kwanza tangu Jumamosi, akicheka na kufuta macho kwa mkono wa koti. Diwani peke yake hakucheka. Alinisogelea, akavaa miwani, akaniomba nisome tena, pole pole, aone kama kuna mahali wametaja firigisi.