Mama Minza Yupo Kazini

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Mimi ni Kabula, nasoma kidato cha tatu. Nikisimama mbele za watu sauti inakauka, hivyo nimeandika kwenye daftari na nitasoma bila kuinua macho. Mnisamehe.

Mnaijua stendi ya mabasi inayojengwa kwetu, njia ya kwenda Nkome. Mkandarasi alipoomba ile kazi aliahidi kwamba matofali ya kutandaza chini yatapangwa na kikundi cha wanawake, kikundi cha mama yangu. Akapewa kazi. Kisha akaleta watu wake! Akina mama hawakushika hata nyundo. Lakini kila Ijumaa msimamizi wake alikuja nyumbani kwetu na karatasi ya mahudhurio, wasaini kwamba wamefanya kazi. "Mkigoma, awamu ijayo natafuta kikundi kingine." Wakasaini, wakitumaini.

Mama Minza, mmoja wa kikundi, akafariki. Tulimzika Jumanne. Ijumaa msimamizi akasema kikundi kikipungua mtu kinafutwa. Akanitazama. "Huyu binti ana mwandiko mzuri. Amsainie." Mama akainamisha kichwa. Nikasaini. Msimamizi akasoma kwa sauti, "Mama Minza, yupo."

Yupo, ndugu zangu!

Wiki iliyofuata nilifungua daftari la Baiolojia, nikakuta chini ya mchoro wa moyo sahihi ya marehemu, ile M yake kama kigoda cha miguu mitatu. Sikumbuki kuiandika. Kesho yake tena, kurasa mbili. Wino ulikuwa wangu.

Halafu Minza, mwanawe. Ana miaka sita, tunaishi naye tangu msiba. Alianza kupotea mchana. Jumapili moja baada ya ibada nilimfuata, nikamkuta kwenye uzio wa mabati wa stendi, ameshika bakuli la ugali na dagaa.

"Unamngoja nani?"

"Mama. Si yupo kazini? Anko wa karatasi alisema. Akitoka atakula."

"Minza, mama tulimzika."

"Nyamaza, dada. Sikiliza, anagonga."

Nikasikiliza. Ndani hakukuwa na mtu, lango limefungwa kwa mnyororo. Ko. Ko. Ko. Kama nyundo ya mpira juu ya tofali. Jua la saa saba, na mimi natetemeka kwa baridi!

Zikapita siku tatu. Niliomba tu: Bwana, nitoe kwenye jina lisilo langu.

Alhamisi akaja pale stendi mama mmoja, afisa wa halmashauri, kukagua kama ahadi ile imetimizwa. Akina mama wakapangwa mstari, wamevalishwa vizibao vipya, mimi na Minza tukasimama nyuma yao. Akaita majina. Alipofika kwa marehemu, msimamizi akawahi: "Kaenda kliniki, mheshimiwa."

Minza akavuta sketi yangu. "Kliniki gani, dada? Twende."

Ndugu zangu, hapo Bwana alinifungua kinywa! Nikasema, "Shikamoo, mama. Amefariki. Sahihi ni yangu. Na hawa hawajapanga hata tofali moja."

"Katoto ka shule haka!" msimamizi akacheka. Mama yangu akavua kizibao, akakiweka chini. Wenzake nao, mmoja mmoja. Afisa akapiga mstari juu ya lile jina.

Sijui kama kikundi kitapewa kazi, shauri bado linasikilizwa. Sijui na mimi nitaadhibiwa vipi. Lakini siku ile Minza alilia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Nikambeba mpaka kaburini, akaketi pale, akamwita mama yake mpaka akachoka. Mchana hapotei tena.

Kama nawe umesaini uongo ili usipoteze nafasi, usingoje uuzoee. Mwambie Yesu, kisha mwambie na mtu. Mimi ni mwoga kuliko ninyi nyote, na hakuniacha. Namshukuru sana. Naomba nikae.