Chini Kwanza, Juu Baadaye

Sasa hivi mwanangu amenipokonya simu, akaukokota ukurasa kwa kidole mpaka mwisho kabisa, kisha akaniangalia kama anayesubiri sifa. Kusoma hajui, lakini desturi ya maktaba yetu ameshaishika. Mwenye desturi hiyo ni mkutubi wetu, tunayemwita Bi Chini-Kwanza. Ijumaa hii anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja.

Alianza enzi za makabati ya kadi. Kompyuta zilipoletwa, wenzake walizifunika vitambaa; yeye akazifunua. Akaona wasomaji wanaokota lolote la mtandaoni na kulitia kwenye utafiti wao. Ndipo akaweka sheria: usiamini kichwa cha ukurasa kabla hujashuka miguuni. Nani kaandika? Lini? Kayatoa wapi? Anauza nini? Mwanafunzi mmoja alimnung'unikia kwamba tovuti yake inapendeza mno kuwa ya uongo. Akamjibu, "Hata jeneza hupigwa rangi, baba."

Mimi niliajiriwa kufagia. Mwaka jana mwanangu alishikwa na homa, sikio linatoa usaha. Nikapata tovuti yenye picha ya daktari wa koti jeupe: tia matone haya, hospitali ya nini? Nikaja kazini mtoto mgongoni, chupa mfukoni, nimtilie nikipata nafasi. Bi akaniona nalia juu ya ufagio. Akaitazama simu yangu.

"Tushuke chini kwanza, mwanangu."

Chini hapakuwa na jina wala tarehe. Palikuwa na namba ya kuagizia chupa nyingine, basi. Hakunicheka. Alifunga maktaba mchana kweupe, akatupeleka hospitali. Ngoma ya sikio ilikuwa imetoboka. Daktari alisema matone yale yangelimaliza sikio kabisa. Leo mwanangu akiitwa, anageuka.

Tangu siku ile, nikimaliza kufagia, Bi hunikalisha kando yake tuzikague tovuti pamoja. Juzi nilimuuliza, "Ukienda, watu watamwita nani?"

"Wewe fagia tu," akasema. "Wataita."

Mama yetu, asante. Kapumzishe magoti, chai uinywe ingali moto, wajukuu wakuchoshe kwa raha. Nilitaka nikuandikie mengi, ila kuna msomaji kule kwenye kompyuta anaita, "Dada, hebu njoo unitazamie hii tovuti," na mwanangu ameshageuka kabla yangu, kwa hiyo sote hapa tunakutakia mapumziko mema.