Bi Hamsini na Zile Dakika Ishirini

Baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, Bi Hamsini atastaafu tarehe 30 Juni, zamu ya asubuhi itakapokwisha. Wenzake wa chumba cha kuongozea gridi ya umeme wameniomba niandike wasifu huu mimi, mjukuu wake, kwa sababu, walisema, wao wakishika kalamu wataandika namba tupu. Haya nimeyapata kwao na katika daftari la zamu, ambalo niliruhusiwa kulisoma palepale chumbani, bila kutoka nalo.

Alianza kama msoma mita katika kituo kidogo cha kupoza umeme, akawa fundi wa swichi, kisha mwongoza gridi. Jina la Bi Hamsini alipewa mwaka wake wa kwanza chumbani humo. Umeme wa gridi hupiga mizunguko hamsini kwa sekunde, na ukutani kuna mshale unaoonyesha hivyo. Mshale ukishuka, umeme hautoshi, ukipanda, umezidi. Yeye alikunywa chai akiutazama, alipiga soga akiutazama, na wenzake wanaapa kwamba aliwahi kupiga chafya bila kufumba macho.

Juu ya mshale huo kuna saa mbili. Chini ya moja pameandikwa SISI, chini ya nyingine WAO. Nchi jirani iko mbele yetu kwa saa moja. Wao hutuuzia umeme wa maji, nasi wakati wa ukame huwauzia wa gesi. Kwa hiyo kila saa inapogonga, vyumba viwili vya gridi hupigiana simu. Upande mmoja husoma mita, upande wa pili hurudia kila namba. Namba isiyorudiwa haijasikika, iliyorudiwa imekubaliwa. Na ukitajwa muda wowote, lazima mmoja aulize: "Saa yenu au yetu?" Bi Hamsini aliihamishia sheria hiyo nyumbani. Ukitumwa mayai sita, huvuki mlango mpaka useme "sita".

Kwa miaka mingi, sauti ya upande wa pili ilikuwa ya mtu mmoja ambaye hakuwahi kumwona. Chumbani walimwita Mwangwi. Yeye alimwita Bi Hamsini shemeji, na hakuna ajuaye undugu huo ulianzia wapi. "Shemeji, mabwawa yamefurika, leteni ndoo," alikuwa akisema mvua zikikolea. Naye alikuwa akijibiwa: "Ndoo tunazo, shemeji. Kamba ndiyo nyembamba." Kamba ni ile njia ya umeme inayovuka mpaka, ambayo haiwezi kubeba zaidi ya kiasi chake.

Miaka tisa iliyopita serikali mbili zilikosana juu ya mkataba wa kuuziana umeme. Umeme haukukatwa, ila ikaja amri kwa kila upande: marufuku kupigiana simu, kila neno lipite wizarani kwa barua. Atakayevunja amri atafukuzwa kazi. Simu ikakaa kimya wiki tatu. Kila saa ilipogonga, watu waliitazama kama wanaotazama mgonjwa.

Katika wiki hiyo ya tatu ilikuja barua: jirani atazima megawati themanini saa nane mchana ili kutengeneza transfoma. Mpangaji wa ratiba, ambaye wote humwita Sharubu, aliandika kwamba mitambo yetu ya gesi iwe tayari saa nane. Hakukuwa na wa kumuuliza swali lile la kila siku.

Bi Hamsini aliiona barua hiyo saa saba kasoro dakika ishirini na tano, alipopokea zamu. Aliinua macho kwenye saa mbili. Saa nane yao ni saa saba yetu. Kama walioandika barua walitumia saa yao, megawati themanini zingetoweka baada ya dakika ishirini na tano, na mitambo ya gesi huhitaji dakika arobaini kuamka. Mshale ungeanguka, na mashine za kinga zingekata mitaa zenyewe bila kuuliza nani anapasuliwa. Asubuhi hiyo hospitali kuu ilikuwa imepiga simu kusema jenereta yake imefunguliwa kwa matengenezo, na wagonjwa watatu wako kwenye foleni ya upasuaji.

Kwanza alipiga simu kwenye mitambo ya gesi. "Ratiba yangu inasema saa nane, mama," msimamizi alimjibu. "Ratiba yako ina kosa, mwanangu. Washa." Akawasha. Mkuu wa chumba alikuwa kwenye kikao cha wizara na simu yake haipatikani. Naibu wake aliisoma barua, akasimama. "Bi Hamsini, mimi naenda kunawa mikono. Nitanawa sana." Akatoka.

Akabaki yeye na simu iliyokatazwa. Wakati huo alikuwa akisomesha wajukuu wawili, nami nilikuwa mmoja wao. Alinyanyua mkono wa simu. Upande wa pili uliita mpaka ukakatika. Akapiga tena, ukakatika tena. Sharubu alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, analowa jasho. Mara ya tatu, zikiwa zimebaki dakika nne, ilipokelewa, lakini aliyepokea hakusema kitu. Ilisikika pumzi tu.

Bi Hamsini hakumsalimu, asije akamponza. Alisoma mita kama kawaida, kisha akauliza, "Saa yenu au yetu?"

Jibu likaja kwa sauti ya chini: "Yetu."

"Naomba dakika ishirini."

Mtu aliyekatazwa kuongea angeweza kukata simu, na hakuna ambaye angemlaumu. Sharubu anasema alisikia moyo wake ukigonga kwenye meno.

"Dakika ishirini," Mwangwi akarudia, na simu ikakatika.

Saa saba ilipogonga, mshale haukutikisika. Saa saba na robo gesi iliingia. Saa saba na dakika ishirini kamili, megawati themanini ziliondoka; mshale ukashuka kidogo, ukatetemeka, ukapanda tena mpaka hamsini. Sharubu aliketi sakafuni.

Mtu mmoja alimshauri aandike daftarini kwamba simu ilikuwa inajaribiwa. Alikataa. Nimeiona mistari yake, kwa wino wa buluu: "Nimepiga simu upande wa pili mara tatu. Nimeomba dakika ishirini. Nimepewa." Na sahihi yake.

Mbele ya kamati ya nidhamu aliulizwa ni nani aliyemruhusu. Alijibu kwamba barua haikusema saa ya nani, naye alifundishwa kuwa kuuliza si ujinga. Hakufukuzwa, lakini alipewa barua ya onyo, na kiti cha mkuu wa chumba, ambacho kila mtu alijua kingekuwa chake, kilimpita mara mbili. Nilimuuliza kama kilimuuma. "Kiliniuma," alisema, "lakini kutoka kwenye kile kiti mshale hauonekani vizuri."

Mkataba mpya ulipotiwa sahihi, vilikuwamo vifungu viwili vilivyozaliwa siku ile. Kila muda huandikwa kwa saa zote mbili. Na viongozi wakikosana, simu ile haikatwi. Waongoza gridi kumi na mmoja aliowafundisha huanza somo lao la kwanza hapo. Lakini simu iliporudi, sauti iliyopokea ilikuwa ngeni. Mwangwi alikuwa amehamishiwa kituo cha mbali, kisha akastaafu. Bi Hamsini hakuwahi kupata nafasi ya kumshukuru.

Mwezi uliopita wenzake walimtafuta Mwangwi kimyakimya na kumpelekea mwaliko wa sherehe ya kumuaga Bi Hamsini. Jibu limefika: "Mwambieni shemeji nakuja. Saa nne asubuhi." Hakusema saa ya nani. Kwa hiyo viti vitapangwa tangu saa tatu.

Bi Hamsini, asante kwa kila saa uliyoulinda ule mshale, na asante kwa kuuliza. Sisi sote tunakuombea mapumziko mema na marefu, kwa saa yetu na kwa saa yao.