Kabula Anataka Saa ya Mbio

Kijiwe chetu kipo Soga, pale njia inapokata kwenda stesheni ya treni ya umeme. Ni mabenchi mawili ya mbao, jiko la mkaa na birika la Yahya muuza kahawa. Mimi naitwa Saburi, bodaboda, hapo ndipo ninaposubiria abiria. Mwenye kiti chake cha kudumu ni mzee Husseini, tunamwita Dubai. Aliwahi kulinda ghala huko miaka miwili, mwili ukarudi, mdomo bado uko kule. Pembeni yake hukaa Silas fundi simu, jina la kijiwe Injinia. Asubuhi hiyo akatokea Kabula, binti wa mzee Nyanda mfugaji, vumbi limempanda mpaka magotini na jasho linamtiririka. Kila siku anakimbia kandokando ya reli kabla hajawatoa ng'ombe. Simu aliyokuwa akijipimia mbio ilimdondoka njiani, ikafa palepale.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, akaitika Dubai. Kaa upate kahawa.

— Sikai, mzee, nauliza tu. Mwezi ujao pale Kibaha wanachagua wasichana wa timu ya mkoa, mita elfu tano. Nimeuza mbuzi wangu, nataka saa ya mkononi. Ninunue ipi?

Swali kama hilo kijiweni kwetu ni kumwaga mtama mbele ya kuku.

— Saa ni uzito! Dubai akavua ya kwake, ya rangi ya dhahabu, akamwekea kiganjani. Pima hiyo. Laki tatu na nusu, tena enzi hizo. Saa nyepesi ni mdoli.

— Hiyo dhahabu kweli? akauliza Yahya huku anamimina.

— Wahenga walisema vyote ving'aavyo si dhahabu kwa sababu hii yangu walikuwa hawajaiona.

Injinia akakunja mkono wa shati.

— Mzee, mambo ya mishale yamepitwa. Dada, chukua saa janja kama hii. Laki na ishirini tu, Kariakoo. Inahesabu hatua, inapima mapigo ya moyo, mpaka usingizi wako inaujua.

— Na chaji inakaa? nikamuuliza.

— Asubuhi mpaka mchana.

— Mchana mpaka jioni je?

— Jioni unakuwa ushajua ni saa ngapi.

Dubai akatikisa kichwa.

— Hizo zinazosoma moyo ni hatari. Kule kwetu kuna jamaa alilala nayo, mkewe akaisoma, akakuta jina la mwanamke wa Sharjah. Binti, vaa dhahabu mkono wa kushoto. Inavuta upepo kutoka mbele. Unadhani kwa nini wale watu wa jangwani hawachoki?

— Si wanapanda ngamia, mzee, akasema Yahya.

— Na ngamia naye kavalishwa!

— Saa janja ikishakuzoea, Injinia akaongeza, inakimbia yenyewe. Wewe unalala ndani, asubuhi unakuta kilomita zimeshaingia.

Nikajitosa na mimi. Nikasema Mlandizi zipo mpaka za elfu kumi na tano. Dubai akaniangalia kama nimemtukana mtu.

— Elfu kumi na tano! Mwanangu, usikimbilie bei. Haraka haraka haina baraka.

— Mzee, mimi ni mkimbiaji, akasema Kabula.

Alikuwa amesimama muda wote huo, saa ya dhahabu bado kiganjani. Akamgeukia Injinia.

— Kaka Silas, hiyo yako nikibonyeza inaanza kuhesabu, nikibonyeza tena inasimama?

— Inafanya hivyo. Ila lazima kwanza uiunganishe na simu.

— Simu yangu imekufa. Na hii yako, mzee?

— Hii inasimama hata usipobonyeza, akadakia Yahya.

Tukacheka. Dubai hakucheka.

— Na jasho je? Kabula akaendelea. Mimi natoka jasho kama mvua.

— Jasho? Hii imeandikwa mita hamsini chini ya maji! Lete hapa.

Akaichukua, akaitumbukiza kwenye ndoo ya Yahya ya kuoshea vikombe. Alipoitoa, kioo kilikuwa cheupe kwa ukungu, mishale haionekani.

— Huo ukungu ni wa kiwandani, akasema taratibu. Akaifuta kwenye shati, akaifuta tena, halafu akaitia mfukoni. Nilimwonea huruma. Ile saa ndiyo kitu pekee alichorudi nacho.

Injinia akateremsha mkono wa shati.

— Kaka Saburi, akasema Kabula, nipeleke Mlandizi.

Sokoni tukaenda kwenye meza ya Mwamini, mama anayeuza saa na mikanda. Akampangia tatu: nyembamba yenye vijiwe vya kumetameta, ya chuma ya elfu sitini, na nyeusi ya plastiki ya elfu kumi na tano. Kabula akaishika ile ya chuma. Akaivaa. Ilimpendeza, sikufichi, na mimi nikamwambia aichukue, mbuzi ameshauzwa. Aliitazama kwa muda mrefu, akageuza mkono huku na huku. Kisha akautikisa kama anakimbia. Saa ikateleza mpaka kwenye vidole.

— Nzuri, akasema. Ila siyo ya kazi yangu.

Akairudisha mezani. Akaomba bakuli la maji, akaizamisha ile nyeusi, akaipangusa, akabonyeza, akaondoka mbio kuzunguka meza za nyanya na mihogo. Akarudi, akabonyeza. Akaenda tena, na tena.

— Binti, akasema Mwamini, unanunua saa au unanunua soko?

— Nanunua saa, mama. Nifungie hii.

Chenji yake ikanunua soksi.

Siku ya kuchagua timu nilimpeleka mwenyewe Kibaha. Filimbi ilipolia wasichana walifyatuka wote, Kabula akabaki nyuma kabisa, kila mzunguko anatupia jicho mkononi. Mimi nilikuwa nimeshika uzio, napiga kelele:

— Achana na saa! Kimbia!

Wala hakuniangalia. Katikati ya mbio wale wa mbele wakaanza kuishiwa pumzi. Kabula akampita mmoja. Akapita wawili. Mwendo wake ulikuwa uleule wa mwanzo, ni wao waliokuwa wanarudi nyuma. Mzunguko wa mwisho nilikuwa nimeshapanda juu ya kiti cha pikipiki.

Alimaliza wa nne. Walichukuliwa watatu.

Akajitupa kwenye nyasi, kichwa chini. Nikajua analia, nikamkimbilia. Kumbe alikuwa anaisoma saa.

— Kaka, sijawahi kukimbia hivi tangu nizaliwe.

Kocha, mama mmoja anaitwa Esteria, akaja akachuchumaa karibu yake.

— Unajua kupanga mbio, wengi hapa hawajui. Ila mwisho uliogopa. Tutachagua tena mwisho wa mwaka. Utakuja?

— Nitakuja.

Tuliporudi Soga kijiwe kilikuwa kimejaa. Dubai akapokea habari kama mtu aliyekuwa akizisubiri.

— Si nilisema! Ya elfu kumi na tano imekupa nafasi ya nne. Ya laki tatu na nusu ingekupa ya kwanza. Hesabu ndogo tu.

— Usijali, dada, akasema Injinia. Mvumilivu hula mbivu. Acha mbio, utulie, usubiri.

Safari hii Kabula alikaa. Akapewa kikombe, akanywa taratibu.

— Mwisho wa mwaka naingia kwenye wale watatu.

— Na hiyohiyo ya plastiki? akauliza Dubai.

— Na hiihii.

Akatutazama mikono, mmoja mmoja. Dubai alikuwa amevaa tena ile yake, ukungu umepungua. Injinia alikuwa na ya kwake. Kabula akauliza kwa adabu, bila hata chembe ya kejeli:

— Samahanini, wazee wangu. Hivi nyinyi na saa zenu, huwa mnawahi wapi?

Dubai akavuta mkono wa shati, akaifunika saa yake. Injinia akageuka kutazama stesheni. Mimi nikaanza kufuta tangi la pikipiki lisilokuwa na vumbi. Yahya akainamisha birika juu ya kikombe cha Dubai, yakatoka matone mawili meusi.

— Kahawa imeisha, akasema.

Kabula akashukuru, akarudisha kikombe. Tukasikia mlio mdogo wa kitufe. Tulipoinua vichwa alikuwa ameshafika kwenye tuta la reli, anakimbia.