Hata Akiba Ilikuwa Kavu

SAMIR: Haloo. Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

LAMYA: Sauti unaijua.

SAMIR: Nani... shemegi?

LAMYA: Shemegi yako. Mke wa marehemu kaka yako, kama bado unamkumbuka. Simu hii ya Sabri wa mlango wa pili. Yangu nimekupigia tangu adhuhuri, inaita mpaka inachoka.

SAMIR: Shikamoo, shemegi. Wallahi simu ilikuwa mfukoni, njiani kelele tupu, si—

LAMYA: Shikamoo yako iweke. Vespa iko wapi?

SAMIR: Vespa?

LAMYA: Samir.

SAMIR: Si nilimwambia Abeer? Nampelekea fundi Hija aiangalie. Imekaa ukumbini chini ya ngazi tangu msiba, kabureta itakuwa imeziba, nikasema afadhali—

LAMYA: Hija nshampigia. Nimempigia yeye kabla yako. Anasema kule Ng'ambo haijafika, na wewe mwenyewe hajakutia machoni tangu hitma ya kaka yako, ile uliyokula pilau ukaondoka kabla ya dua.

SAMIR: Nilikuwa na safari.

LAMYA: Wewe huna siku usiyokuwa na safari. Nakuuliza tena, iko wapi?

[mtandao unakwaruza]

SAMIR: Haloo? Sikusikii vizuri, shemegi. Mtandao wa huku—

LAMYA: Wa huku wapi? Mbona nasikia malori? Mjini hapa hakuna lori linalopita hivyo. Uko wapi?

SAMIR: Tunguu.

LAMYA: Tunguu.

SAMIR: Nimesimama kidogo. Napumzika.

LAMYA: Unakwenda Paje.

SAMIR: Si nnakaa Paje? Mtu akienda kwake dhambi?

LAMYA: Akienda kwake na kitu chake si dhambi. Wewe uliingia nyumbani kwangu, ukamkuta Abeer peke yake ukumbini, ukamdanganya ukiwa umekaza macho. Mtoto hajamaliza kumlilia baba yake. Alikufungulia mlango yeye mwenyewe, akakushikia na tairi upite kizingiti. Sasa amejifungia chumbani, hataki hata maji.

SAMIR: Mwambie asilie. Mimi baba yake mdogo, si mwizi.

LAMYA: Mwizi huja usiku, angalau ana haya.

SAMIR: Bi Lamya, chunga mdomo. Na halafu wewe uko edani. Mwanamke wa eda hashindi kwenye simu akigombana na wanaume. Watu wakisikia—

LAMYA: Ulimi sikuambiwa niukalishe eda. Mimi sitoki, sijipambi, nakaa ndani kama Mungu alivyoniamrisha. Na wewe ulilijua hilo. Ulijua siwezi kuvuka mlango nikakukimbiza uchochoroni, ndiyo ukachagua wakati huu. Kama si eda ungethubutu?

SAMIR: Ningethubutu kwa sababu haki yangu.

LAMYA: Eti?

SAMIR: Haki yangu. Kaka hakuacha mtoto wa kiume. Una fungu lako, Abeer ana lake, kinachobaki changu mimi. Sikutunga mimi hiyo, ndiyo sheria. Au leo mnataka kuifuta?

LAMYA: Hakuna aliyekunyima fungu. Lakini Sheha na wazee walikaa hapo ukumbini na wewe umekaa nao, wakasema hakiguswi kitu mpaka eda ishe, kila mtu apewe chake kwa uwazi. Ukaitikia. Ukapeana nao mikono. Sasa wewe umejigawia mwenyewe, umekuwa kadhi?

SAMIR: Vespa ile kaka alinambia itakuwa yangu.

LAMYA: Alikwambia lini?

SAMIR: Zamani.

LAMYA: Mbele ya nani?

SAMIR: Kwani mtu na ndugu yake lazima wawe na shahidi?

LAMYA: Kama ingekuwa ya kupanda wewe, huenda ningenyamaza. Unampelekea nani?

[lori linapita]

LAMYA: Nakuuliza, Samir. Kwako kule ni mchanga mtupu. Paje huwezi kuipanda vespa ya magurudumu madogo vile. Unampelekea nani?

SAMIR: Kuna mwenye hoteli mmoja. Anapenda vitu vya zamani. Ataiweka mlangoni, wageni wapige picha.

LAMYA: Aiweke tu?

SAMIR: Atapanda maua. Pale kitini, na kwenye boksi la mbele. Atapaka na rangi. Itapendeza, shemegi, si kama inatupwa—

LAMYA: Maua.

SAMIR: Sasa ulitaka nini? Ioze chini ya ngazi?

LAMYA: Kaka yako alikuwa akiifuta kwa fulana yake, na mimi nikifua ile fulana nikinung'unika. Kila kebo iliyomo aliivuta kwa mkono wake. Amenichukua nayo kunipeleka kuzaa, Abeer amesimama pale mbele baina ya mikono ya baba yake tangu hajui kusema "vespa". Sasa unakwenda kuitia mchanga na mbolea.

SAMIR: Ni chuma, Bi Lamya. Chuma.

LAMYA: Unajua nilikuwa wapi ulipoichukua? Chumbani, juu ya msala. Nikasikia kiki. Ya kwanza, ya pili, ikawaka. Nikasema moyoni, Abdulwahid huyo anatoka, hata hakuniaga. Nikasahau kabisa. Nikasahau mpaka ulipokata kona ya msikitini, hapo ndipo nilipokumbuka kuwa mwenyewe tumemzika. Umenifanya nifiwe mara ya pili, Samir.

[mtandao unakwaruza]

SAMIR: Sikukusudia hivyo.

LAMYA: Iwashe urudi.

SAMIR: Siwezi.

LAMYA: Huwezi au hutaki?

SAMIR: Haiwaki. Imenizimikia hapa barabarani. Ndiyo maana nimepokea simu, nilidhani dereva wa kirikuu niliyemwita aje kuipakia.

LAMYA: Imezimaje?

SAMIR: Ilikuwa inakwenda vizuri tu. Halafu ikaanza kulia ndani, kama kengele hivi. Mara ikakata. Tairi la nyuma likaganda, nusura niingie chini ya lori. Nikipiga kiki haishuki hata kidogo, kama nakanyaga ukuta.

LAMYA: Tone alilotia Sabri baada ya msiba halikufikishi Tunguu. Mafuta ulitia wapi?

SAMIR: Sheli, njiani. Nimeijaza, usinione bahili.

LAMYA: Petroli.

SAMIR: Petroli ndiyo, nitie nini, maji ya dafu?

LAMYA: Na oili?

SAMIR: Oili ya nini? Oili si inakaa kwenye injini huko?

[kicheko cha chini chini]

SAMIR: Haloo? Unacheka?

LAMYA: Nacheka, Samir. Tangu nifiwe na mume wangu sijacheka, leo umenichekesha. Vespa ile inakunywa oili pamoja na petroli. Inatiwa humo humo tangini, kila ukijaza. Bila ya hivyo inakwenda maili zake chache, pistoni inapata moto, inaganda. Ushaiua.

SAMIR: Nilijuaje? Kaka hakuwahi kunambia.

LAMYA: Hakuwahi kukwambia kwa sababu hukuwahi kutia. Umeazima vespa ile tangu hujaota ndevu. Harusi yako umekwenda nayo, umeposa nayo, umekimbia nayo wanawake na wanaokudai. Na siku zote ukiirudisha tupu. Unaegesha, unatundika ufunguo msumarini, unaondoka. Leo ndiyo mara yako ya kwanza kununua mafuta ya vespa ya ndugu yako, na umenunua ili ukaiuze.

SAMIR: Haya, nimekosa. Umefurahi?

LAMYA: Yeye asubuhi ndiye anayeisukuma mpaka sheli, shati limemrowa. Anatia petroli, anamimina oili, halafu anaitikisa huku na huku ichanganyike, kama mtu anayembembeleza mtoto. Nikimwambia, mwambie huyo ndugu yako. Ananambia, mwache, kijana ana mambo mengi.

SAMIR: Wewe hukuwahi kunipenda. Sema tu. Nikija pale chai yangu inakuwa ya mwisho, imepoa. Unanitazama mikono kama ntaondoka na vijiko.

LAMYA: Na umeondoka na nini leo?

SAMIR: Sikiliza, Bi Lamya. Nimechoka. Imekufa, haijafa, kwa mwenye hoteli ni mamoja. Anataka ya kusimama, hataki ya kwenda. Kirikuu inakuja, tunaipakia, tunakwenda zetu Paje. Eda yako ikisha njoo unishitaki. Mie nakata simu.

LAMYA: Usikate.

SAMIR: Hatuna la kuzungumza tena.

LAMYA: Lipo moja. Nilikuwa silisemi. Nimeapa nisiliseme.

SAMIR: Yale yale—

LAMYA: Jana yake uliirudisha. Unakumbuka? Siku moja kabla hajafa. Ulikwenda nayo Bububu, harusini.

SAMIR: Nakumbuka. Niliirudisha nzima, hata mkwaruzo haikuwa nao.

LAMYA: Nzima. Alfajiri akanigusa bega akanambia kifua kinambana. Alikuwa bado anazungumza, anaweza kukaa. Nikamwita Sabri. Kwetu gari haifiki, hilo unalijua, mtu hutoka kwa miguu au kwa vespa. Abdulwahid mwenyewe akasema, Sabri apande mbele, mimi ntamwegemea mgongoni, dakika mbili tuko hospitali. Akakaa pale nyuma. Akajishika. Sabri akapiga kiki. Akapiga tena. Akapiga mpaka kiatu kikamvuka.

SAMIR: Shemegi.

LAMYA: Akafungulia akiba. Hata akiba ilikuwa kavu, Samir. Hata ile ya kufikia sheli uliimaliza.

SAMIR: Mimi niliambiwa alifia... niliambiwa alifia kitandani.

LAMYA: Ndivyo tulivyowaambia watu. Tulimkalisha juu ya kiti cha kulia chakula. Sabri kashika mbele, mimi na Abeer nyuma, mimi miguu mitupu. Kona ya msikitini kiti hakipiti, tukamgeuza upande upande kama kabati. Alitutoka hatujafika barabara ya magari. Uchochoroni, Samir. Watu wanatoka kusali wanatukuta.

SAMIR: Siku yake ilifika. Kaka siku yake—

LAMYA: Ilifika. Simpingi Mungu, wala sisemi umemuua wewe. Nakwambia alivyokufa.

[mtandao unakwaruza, honi]

SAMIR: Kwa nini... kwa nini hukunambia siku zote hizi?

LAMYA: Kwa sababu alinikataza. Pale juu ya kiti, pumzi haimtoshi, akanivuta ushungi. Nilidhani atanipa wasia. Akanambia, Samir asijue kama ilikuwa tupu, itamkaa moyoni. Ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Si mimi, si Abeer. Wewe.

[mtandao unakwaruza]

LAMYA: Siku ya mazishi wewe ulikuwa ukilia barazani, nikikusikia mpaka ndani, nikauma upindo wa kanga nisikupigie ukelele. Nimelinyamazia kwa ajili yake. Na ningelinyamazia mpaka kufa, kama ungeiacha vespa yake ilale pale chini ya ngazi. Sasa nimevunja ahadi yangu kwa maiti, na hilo pia nakudai wewe.

[honi, mara mbili]

LAMYA: Nani huyo?

SAMIR: Dereva. Kirikuu imefika.

LAMYA: Haya. Ipakie. Nenda kawapandie maua.

[kwikwi za kilio]

LAMYA: Samir?

SAMIR: Nipo.

LAMYA: Unalia nini? Kulia ulilia zamani.

SAMIR: Nilidhani yamo, shemegi. Mafuta. Wallahi nilidhani—

LAMYA: Hukudhani kitu. Lau ungedhani ungefungua kifuniko ukaangalia.

SAMIR: Subiri... si wewe, namwambia dereva. Dereva. Paje hatwendi tena. Ndiyo, nimekwambia hatwendi, mimi ndo n'nolipa. Geuza gari. Mjini. Mjini, bwana, wewe husikii?

LAMYA: Na mwenye hoteli?

SAMIR: Atatafuta dumu la maua jengine.

LAMYA: Hapa usitegemee chai.

SAMIR: Sitegemei. Niiweke wapi?

LAMYA: Ulipoitoa. Chini ya ngazi, uso wake uangalie mlango. Abeer atakufungulia. Umwombe radhi yeye kwanza, kabla hujasema lolote. Mimi hutoniona, na ukisimama nje ya chumba changu kunisalimia sitokuitika.

SAMIR: Sawa.

LAMYA: Sabri ananambia salio lake linakwisha.

SAMIR: Sawa, shemegi. Basi tuta—

LAMYA: Samir.

SAMIR: Naam.

LAMYA: Kabla hujaingia mjini, mwambie dereva asimame sheli. Ijaze.

SAMIR: Nshaijaza, shemegi. Na pistoni imeganda. Haitowaka.

LAMYA: Hayo uliyotia yamwage. Najua haitowaka. Ijaze upya.

SAMIR: Na oili?

LAMYA: Na oili. Halafu uitiki—

SAMIR: Haloo? Shemegi? Haloo... Ntaitikisa. Haloo?