Leseni ya Mkurugenzi

Fundi saa alikuwa amekaa nyuma ya wanawake wawili kwenye basi la asubuhi. Hakukusudia kusikiliza, ila sauti zenyewe hazikumpa nafasi ya kufanya jambo jingine.

"Leo nimemfuta mkurugenzi," alisema dada mwenye kitambulisho cha benki shingoni, akicheka mpaka machozi yakamtoka.

Mama aliyeketi naye, mkunga aliyetoka zamu, aligeuka mzima mzima. "Umemfuta kazi?"

"Wapi, mama! Nimemfuta kwenye programu, alfajiri, kwa kompyuta ya nyumbani." Kazi yake, alieleza, ni kuhakikisha hakuna anayetumia programu ya benki bila leseni. Saa nne wakaguzi wanaingia, na leseni zilizonunuliwa, moja kwa kila mtumiaji, ni mia tisa, watumiaji mia tisa na mmoja. "Nikatafuta asiyeihitaji. Mkurugenzi ameifungua mara moja tu mwaka mzima, dakika mbili!"

"Mwanangu, si ungemtoa mtu mdogo?"

"Mtu mdogo ndiye anayeifanyia kazi!"

"Haya, na wewe kesho utakuwa na kazi?"

Fundi saa aliona mkunga ana hoja, kisha akaona dada naye ana hoja, jambo lililomkera kidogo.

Simu ikaita. Dada akaitazama, kicheko kikakatika. "Ni yeye."

"Usipokee!" alisema mkunga.

"Pokea!" alisema fundi saa, ambaye hakuna aliyemuuliza.

Basi likasimama mbele ya benki. Dada akashuka, simu sikioni, na kabla mlango haujafungwa wakamsikia: "Shikamoo, mzee. Ndiyo, ni mimi niliyekutoa."