Kilio ya Kahongya, Muke wa Pumzi

Wasikilizaji wapendwa, mama Kahongya wa Vulamba alikufa. Kahongya, psychologue, munganga wa mawazo, ule mwenye alifundisha bamama kupumua. Mulichekaka: "Kupumua, hata mbuzi anajua." Ni kweli. Mais mbuzi hakimbiake vita.

Bamama balikuwa banamufikia na roho inarukaruka. Victoire wa Kalunguta aliacha shamba ya mihogo, akaacha usingizi pia. Kahongya alimupa sahani ya maharagi. "Chagua pole pole. Sikia vidole. Sikia pumzi inaingia. Woga ikikuya, uiangalie, usikimbie." Jioni maharagi inapikwa. Dawa ya kula, munaona.

Jemima, binti yake, anasema: "Mama alikuwa anawaambia, kichwa, tumbo na roho ni nyumba moja. Huwezi kufagia chumba moja tu."

Sasa shemeji ya Kahongya, Zacharie. Alitangaza kila mahali: "Bamama banaingia na machozi, banatoka kimya. Ule ni mulozi, muchawi kabisa." Kahongya hata hajazikwa bado, Zacharie aliweka kufuli ku chumba ya kazi ya marehemu. Alitaka kuifanya buvette, auzishe pombe.

Mais kwetu, kilio, ile matanga, iko na sheria. Mukubwa wa familia anasema neno ya kuifunga, wenye kuketi chini banasimama. Kama habakusimama, kilio iko wazi, na kitu ya marehemu haiguswe.

Nyuma ya maziko, Zacharie, ndiye mukubwa wa familia, alisema neno ya kufunga. Bamama bote balibaki chini, macho imefungwa. Hata mumoja hakulia.

"Mulie basi, tumalize," alisema.

"Tunapumua, papa," Victoire alijibu.

"Mpaka wakati gani?"

"Pumzi haiko na saa ya kufunga bureau."

Bapita njia balisimama ku lupango, ku kiwanja ya nyumba. Kilio gani hii bila machozi? Haya ilimushika Zacharie, akaanza kulia yeye peke yake. Sauti ilipasuka.

"Unalia muzuri, papa," Victoire alisema. "Endelea."

Aliendelea. Mimi nilikuwa pale, nilijiongezea chai.

Mwishowe alifungua kufuli kwa mukono yake, mbele ya batu bote, akasema: "Chumba ni ya bamama." Ndipo balisimama.

Jemima, mwanangu, pole sana. Mama yako apumzike. Zacharie, pole kwa koo. Na ninyi wenye kuita jirani mulozi, mufikiri kidogo: siku mutakufa, nani atakubali kuketi chini ku kilio yenu?